Jinsi ya Kuhamia Kwenye Uandishi Ukiwa Umeshavuka Miaka Arobaini

Barua ya kujiuzulu ndiyo andiko rahisi kuliko yote atakayoandika mtu anayetaka kuwa mwandishi, na kwa sababu hiyo hiyo inafaa iandikwe mwisho. Yangu niliiandika mara tatu katika muda wa miaka mitatu, na mara mbili za kwanza niliikunja nikairudisha kwenye droo, jambo ambalo hadi leo nashukuru, kwa kuwa hamu ya kuandika nilikuwa nayo tele lakini hesabu sikuwa nayo. Nilikuwa na umri wa miaka 44, nikishughulikia madai ya fidia katika kampuni moja ya bima mtaani Upper Hill. Maelekezo haya yanamlenga mtu wa aina hiyo: mwenye kodi ya nyumba, watoto shuleni, mkopo usiokwisha, na hadithi ambayo imekaa naye miaka mingi bila kuandikwa.

Kitu cha kwanza cha kutafuta ni saa moja ya siku ambayo ofisi haijaigusa. Jioni ya Nairobi haitegemeki: mvua ikinyesha, magari husimama Jogoo Road, nawe unafika nyumbani saa tatu usiku ukiwa huna hata neno moja la maana kichwani. Mimi niliamka saa kumi na nusu alfajiri nikaandika hadi saa kumi na mbili kasorobo, kabla maji ya kuoga hayajaanza kugombaniwa. Anayeandika maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, hufikisha maneno 60,000 katika wiki 40, na hiyo ni riwaya kamili. Ikiwa nyumba ni ndogo na watoto ni wadogo, tafuta meza mahali pengine mwishoni mwa wiki. Matawi ya maktaba ya McMillan yaliyoko Kaloleni na Makadara yamekarabatiwa vizuri, ila uliza saa za kufunguliwa kabla hujapanda matatu.

Ukishaizoea saa hiyo kwa miezi mitatu hivi, chukua likizo ya mwaka, ambayo Sheria ya Ajira inataka isipungue siku 21 za kazi, uitumie kujipima. Keti kuandika siku nzima kana kwamba umekwisha kuacha kazi. Siku ya tatu ya jaribio langu nilikuwa nimefua mapazia yote ya nyumba, na kufikia mwisho wa wiki ya kwanza nilikuwa nimegundua kwamba baada ya saa nne za kuandika sipati tena sentensi inayofaa kubaki. Ugunduzi huo ulinipa subira, maana nilielewa kwamba nilikuwa nimeshapata robo ya siku yangu ya mwandishi bila kupoteza mshahara. Marehemu Margaret Ogola alikuwa daktari wa watoto hapa Nairobi riwaya yake ya kwanza ilipotoka mwaka 1994. Ilishinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata, naye akaendelea na udaktari. Si kila mwenye wito wa kuandika analazimika kuacha kazi, na ni vyema kulikubali hilo mapema kabla hujawatia watu wa nyumbani wasiwasi.

Jambo la pili, nalo ndilo ninaloliona wengi wakilikosea, ni kutoidharau kazi ya zamani kana kwamba ilikuwa kifungo. Miaka yako ishirini ndiyo mtaji wako. Katika kazi yangu nilisoma maelezo ya walioibiwa, waliogongwa na walioteketezewa mali, na nikajifunza kwamba anayedanganya hutaja hasara kwa maelfu kamili, ilhali aliyeunguliwa kweli hukumbuka kitu cha shilingi 370. Nakumbuka fundi mmoja wa nguo ambaye kibanda chake kiliungua. Aliorodhesha cherehani mbili na marobota ya vitambaa, kisha chini kabisa, kwa mwandiko uliobanana kwa sababu karatasi ilikuwa imekwisha, akaandika: "kikombe cha chai, hakikuwa na mkono." Hakuwa akidai fidia ya kikombe hicho, lakini nilipokisoma niliamini orodha nzima. Somo lolote la uandishi nililolipata baadaye halikunifundisha zaidi ya mstari ule. Muuguzi, mwalimu, karani wa mahakama na dereva wa masafa marefu wana mistari yao kama huo. Kazi yao ni kuikumbuka.

Hapo pana tahadhari mbili. Siri za wateja zinabaki siri hata baada ya wewe kuondoka, kwa hiyo badilisha mtu, mahali na tukio mpaka mhusika mwenyewe akisoma asijitambue (cha fundi wangu nilichobakiza ni kikombe tu). Ya pili ni kwamba, chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi iliyoandikwa katika kutekeleza ajira kwa kawaida ni mali ya mwajiri. Usipe mtu nafasi ya kubishana nawe: mswada wako usiguse kompyuta ya ofisi wala muda wa ofisi.

Sasa fedha, na hapa naomba usome polepole. Biashara ya vitabu nchini Kenya inategemea shule kwa kiasi kikubwa, na kitabu kinachotumika darasani hupitia idhini ya taasisi ya ukuzaji mitaala, KICD. Riwaya ya watu wazima, hasa ya Kiswahili, ina soko dogo zaidi. Tuseme kitabu chako kinauzwa shilingi 600, muuza vitabu anakatiwa asilimia 30, na mkataba unakupa mrabaha wa asilimia 10 ya kinachomfikia mchapishaji. Kinachomfikia ni shilingi 420, chako ni shilingi 42, na ikikatwa kodi ya asilimia 5 unabaki na shilingi 39 na senti 90. Mtu aliyekuwa akipokea shilingi 80,000 kwa mwezi angehitaji kuuza zaidi ya nakala 2,000 kila mwezi, tena mrabaha wenyewe aghalabu hulipwa mara moja kwa mwaka. Mchapishaji mmoja alikaa na mswada wangu miezi kumi na minne kabla ya kunijibu kwa mistari miwili. Sikumlaumu sana, nilijilaumu tu kwamba nilikuwa nimeyapangia mipango majibu ambayo hayakuwa yameahidiwa.

Kwa hiyo tafuta kipato cha kalamu kilicho karibu na wito wako: kuhariri, kutafsiri, kuandika ripoti za mashirika, miswada ya michezo ya redio, vitabu vya hadithi vya watoto. Anza kukitafuta ungali kazini, mteja mmoja mmoja. Kwa maoni yangu, wakati wa kuondoka umefika pale mambo matatu yanapokutana: mswada mmoja umekwisha na umesomwa na watu wasiokuogopa, kipato hicho cha pembeni kimelipa nusu ya matumizi ya nyumbani kwa miezi sita mfululizo, na kuna akiba ya mwaka mmoja isiyo ya karo.

Akiba ya sacco iangalie kwa jicho kali. Nilidhani yangu ingenisubiri, kumbe nilikuwa nimewadhamini wenzangu wawili waliokuwa bado wanalipa mikopo, na sehemu hiyo ya akiba ilikuwa imefungwa hadi wapate wadhamini wengine. Ilichukua miezi mitano na vikombe vingi vya chai. Ukiwa nje ya ajira utajilipia mwenyewe bima ya afya ya serikali, SHA, ambayo kwa wasio na mshahara hukadiriwa kwa asilimia 2.75 ya kipato cha kaya na haipungui shilingi 300 kwa mwezi. Na ritani ya kodi utaijaza mwenyewe kabla ya mwisho wa Juni, kwa hiyo tunza kila stakabadhi.

Mwenzi wako umweleze kwa tarakimu. Mimi nilianza kwa kuzungumzia wito, na mama watoto akanisikiliza hadi mwisho kwa heshima, kisha akauliza swali moja tu: karo ya Januari itatoka wapi? Tulirudi kwenye mazungumzo hayo baada ya miezi minane, nikiwa na daftari, na siku hiyo yeye ndiye aliyependekeza tuhame nyumba ya Donholm tutafute ya bei nafuu zaidi Umoja.

Baada ya hapo ndipo barua inapoandikwa. Iwe fupi, isiwe na lawama, na izingatie notisi iliyomo kwenye mkataba wako. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka isipungue siku 28. Dai cheti chako cha utumishi, kwa kuwa ni haki yako, na mwambie mkuu wako kwamba uko tayari kuitwa kwa vibarua vya kuandika. Wateja wangu wawili wa kwanza walitoka ofisi ile ile. Miezi ya mwanzo usiibadilishe ile saa ya alfajiri. Mimi niliihamisha hadi saa tatu asubuhi kwa kuwa sasa niliweza, na kwa wiki tatu sikuandika chochote, mpaka nilipoirudisha kengele kwenye saa kumi na nusu.