Kuishi na majirani Wasamoa: lugha, adabu na misiba

Ukihamia Māngere au Ōtara kusini mwa Auckland, Nyuzilandi, au Logan karibu na Brisbane, Australia, usishangae jirani yako, mwalimu wa mtoto au msimamizi wako kazini akiwa Msamoa. Ni watu wanaothamini heshima kuliko maneno mengi, na heshima yenyewe huonekana katika namna unavyokaa, unavyopita mbele za watu na unavyotoa kitu mkononi. Anayetoka kwenye shikamoo na harambee hatapotea sana, ila yapo mambo ya kujua mapema.

Kwanza, Samoa, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, ni mbili. Iko nchi huru, iliyojitawala kutoka Nyuzilandi tarehe 1 Januari 1962, na mji mkuu wake ni Apia katika kisiwa cha Upolu. Iko pia Samoa ya Marekani, yenye Pago Pago katika kisiwa cha Tutuila. Wazaliwa wa huko hubeba pasipoti ya Marekani bila kuwa raia kwa kuzaliwa. Lugha na mila ni zile zile, lakini tarehe hazilingani: mwisho wa Desemba 2011 Samoa huru iliruka siku nzima ili iende sawa na Australia na Nyuzilandi. Apia ikiwa Jumapili, Pago Pago bado ni Jumamosi. Ukikata tiketi kati ya miji hiyo, soma tarehe ya kufika mara mbili.

Matamshi ni mepesi kwetu. Irabu ni zile tano tulizozizoea, na mkazo kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Herufi g husomwa ng' ya ng'ombe, kwa hiyo mji ule ni Pang'o Pang'o. Alama ya ' ni mkato wa sauti kooni, kama katika fa'afetai, yaani asante. Kistari juu ya irabu huirefusha na kuvuta mkazo: tama ni mvulana, tamā ni baba. Shida ni kwamba kwenye ujumbe wa simu watu wengi huziacha alama hizo, basi jifunze neno kwa sikio kabla ya kulisoma.

Utasikia pia fa'afekai badala ya fa'afetai. Nyumbani, vijiweni na hata katika hotuba za machifu, t hugeuka k na n hugeuka ng'. Kanisani, shuleni na katika maandishi t hubaki t. Mgeni atumie t siku zote. Ukiiga k kwa mzee usiyemzoea, unaweza kuonekana umemvunjia heshima. Kwa kuanzia yanatosha haya: tālofa lava kwa salamu, fa'amolemole kwa tafadhali, tōfā soifua kwa kuaga, na tulou, yaani samahani.

Hilo la mwisho ndilo litakalokusaidia zaidi. Ukipita mbele ya watu waliokaa, inamisha mgongo, shusha mkono na useme “tulou”. Ukiingia nyumbani vua viatu. Wenyeji wakiwa wamekaa chini, nawe kaa, kunja miguu. Ukichoka ukainyoosha, ifunike kwa mkeka au kitambaa ili nyayo zisimwelekee mtu. Usizungumze na mzee aliyekaa huku wewe umesimama. Chakula hupewa mgeni na wazee kwanza, vijana wakihudumu, nao hula baadaye kilichobaki. Basi pakua kwa kiasi. Mwenye cheo cha matai, yaani mkuu wa ukoo, huitwa kwa jina la cheo chake, hata kama kazini mnamwita kwa jina la ubatizo.

Jumapili ni ya kanisa, kisha mlo mkubwa uitwao to'ona'i: taro (magimbi), samaki, na palusami, majani machanga ya taro yaliyofungwa na tui zito la nazi na kuivishwa juu ya mawe ya moto. Usipange kuhama nyumba au kupiga muziki saa hizo.

Mtihani mkubwa ni msiba. Shughuli nzito za ukoo, kama mazishi, harusi au kutawazwa matai, huitwa fa'alavelave, na ndugu hadi walio nchi za mbali huchangishwa. Mfanyakazi mwenzako akifiwa, msiende mmoja mmoja, kwa kuwa kila kundi linalofika hupokelewa rasmi na mtawachosha wafiwa. Kusanyeni mchango, uwekwe kwenye bahasha moja yenye jina la kundi, mchague msemaji mmoja wa kusema maneno machache ya pole. Bahasha apewe mzee anayewapokea, asipewe kijana wa mlangoni. Kiasi kinaweza kutangazwa kwa sauti mbele ya wote. Ndiyo desturi, si kuwaaibisha. Kisha mtarudishiwa kitu: chakula, katoni ya nyama ya kopo, pengine mkeka. Hapa ndipo wengi wetu huharibu, kwa kukataa tukidhani tunawapunguzia mzigo wafiwa. Pokeeni. Kukataa ni kuwanyima nafasi ya kutunza heshima yao. Mkeka laini, 'ie tōga, huchukua miezi au hata miaka kufumwa. Usiukanyage wala usiutandike kama zulia.

Chale za mwilini, yaani tatuu, nazo zina wenyewe. Pe'a ya wanaume, toka kiunoni hadi magotini, na malu ya wanawake ni wajibu kwa ukoo. Usiguse, usiombe kuonyeshwa, usichukue nakshi zake kwa fundi wa mjini.

Na usimuulize mzee wa Auckland habari za karatasi zake, hata kwa nia njema. Miaka ya 1970 polisi walivamia nyumba za Wapasifiki alfajiri kusaka waliozidisha muda wa viza. Serikali iliomba radhi tarehe 1 Agosti 2021, waziri mkuu Jacinda Ardern akiwa amefunikwa mkeka kwa desturi ya ifoga, toba ya Kisamoa. Jeraha hilo bado lina watu walio hai.

Ukitembelea Samoa yenyewe, magari hupita kushoto tangu Septemba 2009. Vijiji vingi jioni huwa na sā, muda wa sala: kengele au baragumu ya kombe ikilia, simama ulipo usubiri ishara ya kumaliza. Ufukwe ni wa kijiji, hivyo omba ruhusa kwanza na uwe na tala, fedha ya Samoa, mkononi, maana mara nyingi kuna ada ndogo.