Tacos al pastor nyumbani bila mtambo wa kuzungusha nyama

Watu wengi wakiiona al pastor, yaani ile nyama ya nguruwe yenye viungo inayojazwa kwenye tacos (vichapati vidogo vya Mexico vinavyokunjwa na kujazwa nyama), wanakata tamaa kabla hata hawajawasha jiko, wanaangalia ule mnara wa nyama unaozunguka wima pembeni ya moto halafu wanasema hii siwezi, haya ni mambo ya wauza tacos wa Mexico City wenye vifaa vyao. Mi nakwambia inawezekana kabisa kwenye oveni ya kawaida na kikaango kimoja kizito. Ule mnara wanauita trompo, na ukiuchunguza vizuri kazi yake ni mbili tu, kuzibana slaisi nyembamba za nyama mpaka zishikane ziwe kitu kimoja, na kuzibabua kingo za nje huku ndani kumebaki laini na kuna majimaji. Hayo mawili ukiyapata kwa njia yoyote ile, al pastor unayo.

Na trompo yenyewe asili yake sio Mexico. Ililetwa na wahamiaji kutoka Lebanon na maeneo ya jirani, watu wa shawarma, na mjini Puebla miaka ya 1930 wakawa wanauza tacos árabes, nyama ya kuzungushwa ndani ya mkate laini wa ngano. Baadaye Mexico City ikachukua wazo hilo ikaligeuza, nyama ya nguruwe ikapakwa adobo, yaani rojo la viungo, ya pilipili kavu, mkate ukaondoka ikaja tortilla, kichapati chembamba, ya mahindi, nanasi likapandishwa juu kabisa ya trompo. Hii stori inakusaidia jikoni kweli, maana ukishajua al pastor ni ndugu wa shawarma hutaikata nyama vipande vinene wala hutaichemsha kama mchuzi, na makosa hayo mawili ndio yanaharibu al pastor nyingi za nyumbani.

Tuanze na nyama. Tafuta bega la nguruwe kilo moja, lenye mafuta yake yanayoonekana, usikubali kuuziwa sehemu isiyo na mafuta ukidhani unajali afya, itakukaukia na hakuna salsa (mchuzi wa kumwagia juu) itakayoiokoa. Iweke friza kama dakika 40, isigande, ikaze tu, hapo kisu kikali kinapita vizuri na unapata slaisi za milimita 5 au chini ya hapo. Kata kwa kukatiza nyuzi za nyama. Kama kuna bucha lenye mashine ya kukatia waombe wakukatie wao, ni dakika mbili kwao.

Sasa adobo, na hapa ndio pa kutulia. Pilipili za kazi hii ni guajillo kavu 5 na ancho kavu 2, zote sio kali kivile, kazi yake ni rangi na ule utamu wa mbali kama wa zabibu kavu. Toa vikonyo na mbegu, zipitishe kwenye kikaango kikavu sekunde 20 au 30 kila upande mpaka zianze kunukia, na usiondoke hapo jikoni maana zinaungua ghafla, zikishakuwa nyeusi zinakuwa chungu na uchungu huo hautoki hata ufanye nini, bora utupe uanze na nyingine. Zikishanukia ziloweke kwenye maji ya moto dakika 20. Ukizikosa kabisa chukua pilipili kavu kubwa nyekundu zisizo kali uongeze kijiko kimoja cha paprika, haitalingana na yenyewe ila mwelekeo utakuwa sahihi. Usijaribu kufidia kwa pilipili kali, al pastor haitakiwi kuwasha, wa kuwasha ni salsa.

Kwenye blenda weka hizo pilipili zilizolainika, achiote ya kukandwa gramu 50 (ni mbegu nyekundu za mzingefuri zilizosagwa na viungo, ndio zinaleta ule wekundu wa al pastor), siki nyeupe mililita 60, juisi ya nanasi mililita 120, punje 4 za kitunguu saumu, robo ya kitunguu maji, oregano kavu kijiko kimoja cha chai, binzari nyembamba nusu kijiko cha chai, karafuu 2 na chumvi vijiko 2 vya chai. Oregano ukiipata ya Mexico ni nzuri zaidi, ule ni mmea tofauti kabisa na oregano ya Ulaya, unanukia kwa mbali kama ndimu. Saga mpaka iwe laini kabisa halafu chuja, usiruke hapo kwenye kuchuja, maganda ya guajillo ni magumu na hayasagiki yote.

Halafu hiyo juisi ya nanasi, kuna kitu lazima ukijue. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinaitwa bromelaini ambacho kinavunjavunja protini, ukiloweka nyama usiku kucha kwenye juisi mbichi asubuhi unakuta nyama imekuwa ujiuji nje, haina tena ule mkato wa meno. Juisi ya kopo au ya boksi imeshapita kwenye moto kiwandani kwahiyo hicho kitu kimeshakufa, hiyo unaweza kulowekea hata saa 24 bila shida. Kama unalo nanasi lenyewe na hutaki ya kopo, kamua, chemsha juisi dakika chache, iache ipoe, ndio uitumie. Ukiamua kutumia mbichi hivyo hivyo basi isizidi saa 2 au 3.

Paka kila slaisi, sio kumwaga adobo juu na kukoroga, yaani slaisi moja moja pande zote, na vaa glavu maana achiote inaacha rangi kwenye kucha na kwenye bakuli za plastiki. Funika, friji, angalau saa 4, isipokuwa kama umetumia juisi mbichi ya nanasi. Usiku kucha ni bora zaidi.

Siku ya kupika chukua kile chombo kirefu cha kuokea mkate, kitandike foili ndani iwe na ziada ya kufunikia, halafu panga slaisi zikiwa zimelala moja juu ya nyingine, kila ukipanga kadhaa unakandamiza kwa mkono kutoa hewa, mpaka ziishe. Zile zenye mafuta mengi zichanganye katikati na juu zisikae sehemu moja. Funika na foili, oveni nyuzi 160 za Selsiasi, saa moja na nusu mpaka mbili, uma ukizama bila kulazimisha imeiva. Usiangalie rangi kujua imeiva, achiote inabaki nyekundu hata nyama ikiwa imeiva zamani, kama una kipimajoto katikati isome 80 na kuendelea, hapo bega linakuwa limeshalainika.

Ikitoka mimina ule mchuzi pembeni, uutunze, halafu weka kitu kizito juu ya nyama, kopo mbili tatu za chakula zinatosha, iache ipoe kidogo na kuipeleka friji ikiwa bado imekandamizwa, saa kadhaa au mpaka kesho. Najua njaa inauma ila hapa ndipo trompo inapozaliwa, ikishapoa inashikana kabisa na unaikata nyembamba kwa kushuka chini, unapata vipande ambavyo kila kimoja kina tabaka kibao za nyama na adobo katikati yake.

Mwisho ni moto mkali. Kikaango cha chuma kizito, mafuta kidogo sana, kisubiri mpaka kianze kutoa moshi kwa mbali, tandaza vipande visibanane na USIVIGUSE dakika mbili. Unatafuta kingo zilizobabuka karibu kuwa nyeusi huku zinalia chwaa, geuza, nusu dakika tu, nyunyizia vijiko viwili vya ule mchuzi uliotunza ukauke juu ya nyama, toa. Pika kidogo kidogo, ukijaza kikaango nyama inatoa maji na inachemka badala ya kubabuka. Kikaango hicho hicho weka slaisi za nanasi bichi za sentimita moja mpaka ziwe na madoa ya kahawia, kisha zikatekate ndogo.

Huna muda wa hayo yote? Kaanga slaisi zilizolowekwa moja kwa moja kwenye moto mkali mpaka ziive vizuri, zikatekate, umemaliza. Ni nzuri, ila lile tabaka tabaka hulipati. Adobo iliyobaki kwenye bakuli imekaa na nyama mbichi, ichemshe vizuri kwanza kama unataka kuitumia, la sivyo mwaga.

Tortilla lazima ziwe za mahindi, ndogo, upana wa sentimita 12 hivi. Ukitengeneza mwenyewe unahitaji masa harina, yaani unga wa mahindi yaliyochemshwa kwenye maji ya chokaa kwanza, unga wa mahindi wa kawaida haushikani, utavunjika mkononi. Vikombe 2 vya unga, maji ya uvuguvugu kikombe kimoja na nusu, chumvi kidogo, kanda, funika nusu saa. Donge likibonyezwa na kingo zikapasuka ongeza maji. Bonyeza kati ya plastiki mbili, kikaango kikavu chenye moto, sekunde 15 geuza, dakika moja geuza tena, ikivimba toa na uifunike kwenye kitambaa pamoja na wenzake zibaki laini.

Salsa ya haraka, chemsha tomatillo (tunda la kijani kama nyanya ndogo) gramu 250 na pilipili serrano 2 mpaka zibadilike rangi, saga na punje ya kitunguu saumu, dhania majani na chumvi. Basi.

Kupanga taco: tortilla mbili, nyama, nanasi, kitunguu cheupe kilichokatwa kidogo sana, dhania majani, salsa, kamulia ndimu. Letusi, krimu, jibini, vyote acha, vinafunika kile ulichokihangaikia siku mbili. Jibini ina nafasi yake kwenye kitu kinaitwa gringa, tortilla ya ngano, jibini inayoyeyuka, al pastor katikati, inafungwa na kuokwa kwenye kikaango mpaka ishikane, na hiyo ndio matumizi mazuri kuliko yote ya nyama iliyobaki. Ile nyama nzima isiyokatwa inakaa friji siku 3 mpaka 4 ikiwa imefunikwa, au ikate slaisi uigandishe kwenye vifuko vidogo, unatoa unachohitaji na kubabua siku hiyo hiyo.