Exploratorium na watoto: vituo vichache, muda mrefu

Exploratorium, makumbusho ya sayansi ya San Francisco, Marekani, ina vifaa zaidi ya 600 vya kushika, kuzungusha, kupuliza na kuchungulia. Kinachoharibu siku ya familia nyingi ni kutaka kuvimaliza. Mtoto anabonyeza kitufe, anaona taa imewaka, anakimbilia kingine. Jioni ukimuuliza ameona nini, anakutajia duka la zawadi. Panga vituo nane hadi kumi kwa saa tatu, na kituo kilichomnasa mtoto kipewe dakika kumi na tano, hata ishirini. Mengine yote hapa chini yanafuata hesabu hiyo.

Siku, saa na mavazi

Makumbusho haya yapo Pier 15, barabara ya Embarcadero, ndani ya ghala refu la gatini. Yalihamia hapo Aprili 2013 kutoka Palace of Fine Arts, alikoyaanzisha mwanafizikia Frank Oppenheimer mwaka 1969. Huyu ni mdogo wake Robert, yule wa bomu la atomiki. Kwa kawaida Jumatatu hufungwa, Jumapili hufunguliwa mchana badala ya saa nne asubuhi, na Alhamisi jioni ni zamu ya watu wazima tu, kuanzia miaka 18. Ratiba ya sikukuu hubadilika, kwa hiyo ihakikishe kwenye tovuti yao kabla ya kukata tiketi.

Siku za shule, asubuhi ni ya mabasi ya wanafunzi. Ukifika saa saba mchana wengi wao wanaondoka, na foleni kwenye vifaa vinavyopendwa inakatika. Wikiendi ni kinyume chake: fika mlango unapofunguliwa. Kwa treni ya BART shuka kituo cha Embarcadero, kisha tembea kama dakika kumi kando ya maji kuelekea kaskazini. Tramu ya zamani ya mstari wa F nayo husimama karibu. Gari libaki nyumbani ukiweza, maana maegesho ya eneo hilo ni ghali. Watoto wadogo kabisa hawalipi, na mwenye kadi ya EBT, ile ya msaada wa chakula wa serikali ya Marekani, ana punguzo kubwa, basi kadi na kitambulisho uwe navyo mkononi.

Mvalishe suruali na viatu vilivyofungwa vizuri, kwa sababu atapiga magoti na kutambaa. Beba sweta hata kama ni Julai: ukungu na upepo wa ghuba hauna habari na kiangazi, na sehemu ya vifaa ipo nje, kando ya maji. Nguo ya rangi kali humfanya aonekane kwa mbali. Andika namba yako ya simu kwenye mkono wake kwa kalamu ya wino, na mwonyeshe mapema vijana waliovaa rangi ya machungwa. Hao ndio waelekezi. Akipotea amfuate mmoja wao, asitoke nje kukutafuta.

Nusu saa ya kwanza

Mwache akimbie. Ukimsimamisha kwenye kifaa cha kwanza umweleze nadharia, hatasikia, macho yake yako kwenye vitu ishirini vilivyo nyuma yako. Fuata nyuma, usiseme kitu, ila angalia wapi amerudi mara ya pili. Hapo ndipo mtaanzia. Wenye watoto wawili wenye umri tofauti na wazazi wawili wagawane sasa hivi, kisha wakutane kwa chakula. Wa miaka minne na wa miaka kumi na moja hawawezi kwenda mwendo mmoja bila mmoja wao kununa.

Kusimama kwenye kifaa kimoja

Kila kifaa kina kibao. Sehemu ya juu inaeleza la kufanya, ya chini inaeleza kwa nini imekuwa hivyo. Msomee ya juu tu, kwa Kiswahili kama ndicho mnachoongea nyumbani. Ya chini iache mpaka mtoto atoe lake, hata likiwa la ajabu. Mzazi anayeanza na jibu hufunga mchezo kabla haujaanza.

Watafiti wa Exploratorium wenyewe, Joshua Gutwill na Sue Allen, walijaribu kuzifundisha familia namna ya kuchunguza pamoja, na mchezo uliozaa matunda zaidi ni rahisi kuiga. Kwanza mnachezea kifaa bila mpango. Kisha mnatunga swali moja ambalo hakuna kati yenu anayejua jibu lake, na ambalo kifaa hicho hicho kinaweza kulijibu. Mnajaribu, halafu kila mmoja anasema alichokiona. Swali kama “mwanga ni nini?” halifai, kwa kuwa kifaa hakiwezi kulijibu. “Nikiziba taa ya buluu, kivuli kipi kitapotea?” linafaa sana.

Chukua mfano wa vivuli vya rangi. Taa tatu, nyekundu, kijani na buluu, zinamulika ukuta mweupe, na zikichanganyika ukuta unabaki karibu mweupe. Mtoto akinyoosha mkono, anapata vivuli vitatu vyenye rangi. Palipokosa nyekundu panakuwa na buluu-kijani ya maji ya bahari, palipokosa kijani panakuwa na waridi iliyokoza, palipokosa buluu panakuwa manjano. Tatizo la kawaida ni watoto kubandika kiganja ukutani. Hapo vivuli vyote vitatu vinalaliana, wanaona cheusi tu, na wanaondoka wakisema hakifanyi kazi. Mrudishe nyuma hatua moja, kisha mbili, vivuli viachane polepole.

“Mama, mbona kivuli changu ni cha manjano?”

“Hata mimi nashangaa, mwanangu. Hebu ziba taa moja tuone.”

Jibu kama hilo linatosha. Na hapa kuna jambo la kujichunga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 na Kevin Crowley na wenzake, uliofanyika katika makumbusho ya watoto ya San Jose, kusini mwa San Francisco, ulionyesha kuwa wazazi walipokuwa kwenye vifaa vya sayansi waliwaeleza sababu watoto wa kiume mara tatu zaidi ya wa kike. Wasichana walikuwa wakishika na kucheza vilevile. Kilichopungua ni maelezo ya mzazi. Kwa hiyo kama una binti na mtoto wa kiume, sikiliza ulimi wako mwenyewe.

Vituo vinavyostahili muda

Mpira unaoelea juu ya mkondo wa hewa. Asiuguse kwanza. Kisha auvute taratibu mpaka nusu yake itoke kwenye mkondo, ausikilizie mkononi: unavutwa kurudi. Hewa inaukumbatia mpira, inapinda kuelekea nje, na mpira unasukumwa upande wa pili. Kuziba tundu la hewa kwa kiganja, jambo ambalo kila mtoto atalijaribu, huangusha mpira na kuudhi foleni.

Jukwaa la kuzungukia: akikunjua mikono anapungua kasi, akiikusanya kifuani anaenda mbio. Lifanyeni kabla ya kula, tafadhali. Ashuke likiwa limesimama kabisa, na umshike bega, maana sikio la ndani bado linamwambia anazunguka.

Ukuta unaohifadhi kivuli umepakwa rangi inayong'aa gizani baada ya kumulikwa. Mwanga mkali unapiga mara moja, na palipozibwa na mwili panabaki peusi kwa muda. Picha ikitoka na kingo zenye ukungu, mtoto alisimama mbali, agande ukutani. Akishajua, aruke: mweko ni mfupi mno, kivuli chake kitabaki hewani. Mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga wa kumweka apite mbali na sehemu hii.

Kwenye kioo kikubwa kilichobonyea, anzieni mbali, ambako mtajiona kichwa chini. Sogeeni polepole na mkono umenyooshwa. Pana mahali mkono mwingine unatokea hewani kukusalimia, na vidole vyako vinapita katikati yake bila kugusa kitu. Wanaokimbilia kioo moja kwa moja hulikosa eneo hilo na kuona uso mkubwa tu.

Upasuaji wa jicho la ng'ombe hufanywa na mwelekezi mezani, kwa saa maalumu, ulizia mapema. Mtoto aliyeshuhudia uchinjaji wa Idi huwa hana wasiwasi, wengine huhitaji kusimama safu ya pili. Vitu viwili asivikose. Kwanza lenzi, kipande angavu ambacho ukikiweka juu ya gazeti kinakuza herufi. Pili utando wa buluu-kijani unaong'aa nyuma ya jicho. Binadamu hatuna, ndio unaofanya macho ya ng'ombe yawake taa za gari zinapomkuta barabarani usiku.

Kuna pia bomba la maji ya kunywa lililotengenezwa kwa choo cha kukalia ambacho hakijawahi kutumika. Maji ni safi. Watoto hunywa huku wanacheka, watu wazima huona kinyaa na kurudi nyuma, na hicho ndicho kinachopimwa. Usimlazimishe mtu.

Tactile Dome, lililopo tangu 1971, ni njia ya giza totoro ya kupapasa na kutambaa. Lina tiketi na nafasi yake ya kuweka mapema, pamoja na masharti ya umri na afya. Mtoto anayelala na taa usimpeleke kwa kumtegea. Vueni miwani, hereni, saa na simu, kwani kinachodondoka humo ni kazi kukipata.

Kula, kuchoka, kuondoka

Baada ya saa moja na nusu, tokeni. Chakula cha nyumbani mnaweza kukila nje kwenye eneo la wazi la gati. Ulizeni mlangoni utaratibu wa kurudi ndani. Dalili ya mtoto aliyechoka si kulia: ni kugonga vitufe bila kusubiri kitakachotokea. Ukiona hivyo, mpeleke kwenye karakana ya ufundi, ambako kazi ya mikono inafanyika kwa kukaa, au fungeni siku.

Nyumbani, au kwa asiyeweza kufika San Francisco, makumbusho haya yameweka bure mtandaoni majaribio mengi yaitwayo Science Snacks. Anza na ule wa mpira: kikausha nywele kikielekezwa juu, upepo wa baridi, mpira mmoja wa tenisi ya meza. Inamisha kikausha kidogo kidogo, na mwambie mtoto akisie kwanza ni wapi mpira utashindwa kubaki. Mpira ukitetemeka sana au kuruka mara moja, punguza kasi ya upepo. Mpira wa tenisi wa kawaida ni mzito mno, hautainuka.