TLD na vidonge vingine: jinsi ya kumeza ARV zako zisiishie tumboni

Jumapili iliyopita mdogo wangu mmoja, ana mimba ya miezi 5, alikuja kwangu na kopo lake kalifunga kwenye kanga. Shikamoo dada, marahaba, akakaa akafungua kiganja. Kulikuwa na vidonge viwili, cheupe cha TLD (ARV, dawa ya kupunguza makali ya VVU) na chekundu cha kuongeza damu alichopewa kliniki ya wajawazito. Akaniuliza, "Dada, hivi navimeza vyote kwa mpigo asubuhi kabla ya kula maana nikila natapika, ni sawa?"

Nilishtuka kwa sababu kosa kama hilo hilo lilinigharimu mimi miezi 9 ya machozi. Tulikaa mpaka jua linazama tukapanga dawa zake moja moja, na nikaona bora niandike na wengine wasome. Mimi si daktari, natumia ARV tangu 2009 na nawasaidia wenzangu kwenye kliniki, kwa hiyo chochote hapa unachotaka kubadilisha kwenye dozi yako pitia kwanza kwa mtoa huduma wako.

Hatua ya 1: Jua unameza nini

Soma kopo. Kama imeandikwa Tenofovir 300 mg, Lamivudine 300 mg, Dolutegravir 50 mg basi hiyo ndo TLD, dawa tatu ndani ya kidonge kimoja, mara moja kwa siku. Kama kopo lako linasema kitu kingine, mfano una ARV nyingine iitwayo atazanaviri, usifuate haya ninayoandika kuhusu tumbo maana masharti yake ni tofauti, kaulize CTC, yaani kliniki yako ya ARV.

Hatua ya 2: Chagua muda

Asubuhi. Najua wengine wanapenda usiku, na kidonge chenyewe hakina shida na muda wala na chakula, lakini dolutegraviri inawakosesha watu wengi usingizi na ukiimeza asubuhi tatizo linapungua au linaisha kabisa. Wale wa zamani waliozoeshwa kumeza usiku ni kwa sababu ya efavirenzi, ARV ya zamani iliyokuwa inaleta kizunguzungu na ndoto za ajabu, sa hivi hiyo sababu haipo.

Alamu ya simu mimi siipendi. Simu inaisha chaji, umeme unakatika, au inalia upo kwenye daladala na jirani anauliza ya nini. Funga dawa kwenye kitu ambacho huwezi kuacha kufanya. Mimi nikimaliza kuswaki nameza, kopo lipo karibu na mswaki.

Hatua ya 3: Weka kila unachomeza kwenye kikapu kimoja

Hapa ndo penyewe, tafadhali soma polepole.

Mwaka fulani majibu yangu ya wingi wa virusi kwenye damu yalirudi 3,400. Miaka yote nyuma vilikuwa havionekani. Nesi akaniuliza unaruka dozi? Nikasema hapana. Akahesabu vidonge, vikawa sawasawa, lakini nilijua haniamini, nikaitwa vikao vitatu vya ushauri wa ufuasi, yaani kumeza dawa bila kuruka, kama mtu aliyeanza dawa jana. Mume wangu naye akaanza kuniangalia vibaya. Nililia sana kipindi kile kwa sababu nilikuwa nameza kila siku ya Mungu, na hakuna maumivu kama kuambiwa huifanyi kazi ambayo unaifanya kwa moyo wote.

Aliyeniokoa ni mfamasia, kijana tu, aliniambia mama, kesho njoo na KILA kitu unachoweka mdomoni ambacho si chakula. Nikaenda na kikapu. Ndani kulikuwa na TLD, panado, na vile vidonge vyeupe vya kutafuna vya kiungulia vyenye ladha ya minti, nilikuwa navitafuna kila asubuhi baada ya chai maana tumbo langu lina gesi. Nilikuwa nameza TLD, nakunywa chai, natafuna viwili, naenda zangu sokoni. Akavishika akasema ni hivi.

Alinielezea hivi na sijasahau. Dolutegraviri inafanya kazi kwa kung'ang'ania madini ya magnesiamu yaliyopo kwenye kile kimeng'enya ambacho virusi wanakitumia kujipachika kwenye seli zetu, ikishayashika virusi wanakwama. Sasa mkono huo huo ikiukutanisha na magnesiamu au aluminiamu tumboni, unashika hapo hapo, vinagandana na dawa haiingii kwenye damu, inatoka chooni. Kwa hiyo nilikuwa nameza kweli, ila dawa nyingi ilikuwa inaishia tumboni.

Sasa shika haya, na usichanganye makundi kwa sababu hayafanani:

Dawa za kiungulia na gesi zenye magnesiamu au aluminiamu, ziwe za kutafuna au yale maji meupe mazito ya chupa: TLD itangulie masaa 2, au imezwe masaa 6 baada ya hizo. Kula chakula HAKUSAIDII hapa. Kwa saa zetu, kama TLD unameza saa 1 asubuhi, dawa ya gesi ruksa kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 7 usiku, ikipita hapo vumilia mpaka kesho saa 3. Hapo nasemea zile za kawaida, ukiona umefika mahali unazihitaji kila siku basi kapime tumbo, mimi nilikutwa na vidonda nikapewa omeprazoli, na hiyo haigombani na TLD (ila ukiwa kwenye atazanaviri ni hatari, ndo maana nimesema soma kopo).

Vidonge vya damu, yaani madini ya chuma, na vya kalsiamu, na zile maltivitamini zenye zinki: hivi VINAWEZA kumezwa pamoja na TLD ila kwa sharti moja, uwe unakula muda huo huo, chakula cha maana siyo chai kavu. Tumbo likiwa tupu rudi kwenye kanuni ile ile ya masaa 2 kabla au 6 baada. Mdogo wangu alikuwa anameza vyote viwili na tumbo tupu. Tumempangia TLD asubuhi na maji tu kama kawaida yake, chekundu mchana na ugali. Na asiache hata kimoja, mtoto anahitaji vyote. Aliniuliza pia kama TLD inaharibu mtoto, hiyo hofu ilitoka 2018 kuhusu uti wa mgongo wa watoto, ila takwimu nyingi zaidi zilipokuja, mwaka 2019 WHO, Shirika la Afya Duniani, ikaipendekeza kwa wote, wajawazito wakiwemo.

Vingine vya kutaja ukiwa na kikapu chako, hivi huwezi kuvipanga mwenyewe kwa saa, lazima daktari:

Dawa za TB. Rifampisini inaimaliza dolutegraviri haraka mwilini, kwa hiyo unaongezewa kidonge kingine cha dolutegraviri 50 mg masaa 12 baada ya TLD, na unaendelea nacho mpaka wiki 2 baada ya kumaliza rifampisini. Kama una TB na hujaongezewa, uliza leo.

Dawa za kifafa, kabamazepini, fenitoini, fenobabitoni, nazo zinaishusha.

Metformini ya sukari ni kinyume chake, TLD inaipandisha metformini kwenye damu, kwa kawaida haitakiwi kuzidi 1000 mg kwa siku. Dada mmoja kwenye kikundi chetu alikuwa anameza 2000, kila mtu anampa dawa zake bila kujua za mwenzake.

Diklofenaki za kununua dukani kwa ajili ya mgongo, punguza hiyo tabia, tenofoviri tayari ina kazi yake kwenye figo. Panado inatosha mara nyingi.

Na dawa za mitishamba leta pia, hata kama unaona aibu. Kumeza ya mitishamba na kuficha ni hatari kuliko kusema. Ila usiache ARV kwa ajili yake, 2011 watu walivyofurika Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha mitishamba wapo walioacha dawa zao, tuliwazika wengine.

Hatua ya 4: Ukisahau

Meza ukikumbuka. Kama yamebaki chini ya masaa 4 kufika muda wa dozi inayofuata, iache, meza hiyo inayofuata kwa wakati wake. Usimeze mbili kufidia.

Hatua ya 5: Kopo

Kile kimfuko kidogo ndani kinachonyonya unyevu kiache humo humo, funga vizuri, weka pasipozidi nyuzi 30, siyo juu ya friji wala dirishani. Wengi wanahamishia vidonge kwenye nailoni kwa sababu kopo linalia kama kayamba na mama mkwe anasikia. Naelewa kabisa. Fanya kama mimi, lizungushie kitambaa kopo zima kisha litie kwenye kopo kubwa la mafuta ya kupaka lililokauka. Kwenye mkoba chukua za siku mbili tatu tu.

Hatua ya 6: Usiache ghafla

Hata kama umechoka. Tenofoviri na lamivudini zinazuia pia homa ya ini B, kama unayo na ukaacha ghafla homa hiyo ya ini inaweza kulipuka upya. Kichwa kuuma na kichefuchefu wiki za mwanzo huwa vinapita. Macho kuwa ya njano, upele wenye homa, au uso kuvimba, hapo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Kipimo cha wingi wa virusi

Miezi 6 baada ya kuanza, kisha miezi 12, kisha kila mwaka, na wajawazito mara nyingi zaidi. Dai majibu kwa namba, usikubali kuambiwa "yako vizuri" tu, andika kwenye daftari. Na namba ikipanda huku unajua unameza, usibishane na nesi na usikae kimya, mwambie naomba tuangalie ninavyomeza na vitu gani, toa kikapu mezani.

Mimi baada ya kuhamisha vile vyeupe vya minti kwenda mchana, miezi 3 mbele nilipimwa tena ikaja chini ya 50. Mdogo wangu anapimwa tarehe 14, nimemwambia nitamsindikiza.