Minyoo kwenye tangi la samaki: itambue kabla ya kununua dawa

Ukiona minyoo kwenye kioo, usikimbilie farmasi ya mifugo. Rangi haitoshi kuitambua, maana mingi ni myeupe. Zima taa, subiri kama saa moja, kisha mulika kioo na mchanga kwa tochi. Angalia mnyoo unavyotembea na kichwa chake.

Uzi mweupe mwembamba unaojinyonganyonga, usio na kichwa cha kuonekana, hula mabaki wala haudhuru samaki. Hapa Bukavu hujaa kwa anayelisha samaki wake sambaza (dagaa wa Ziwa Kivu) waliosagwa bila kipimo. Umeme ukikatika usiku na pampu ikasimama, asubuhi utaikuta imepanda kioo hadi juu: hewa imeisha mchangani. Samaki nao wanakaribia kukosa pumzi, kwa hiyo shughulikia hewa kwanza. Kisha nyonya uchafu kwa mpira, badilisha robo ya maji, na lisha kiasi kinachoisha kwa dakika mbili.

Anayeteleza polepole kwenye kioo, mwili bapa, kichwa cha pembetatu na macho mawili, ni planaria. Huyu hula mayai ya samaki. Wenye samaki wa Ziwa Tanganyika wanaotagia ndani ya makombe ya konokono wachunguze makombe hayo, ndiko anakojificha. Kumtega, toboa matundu ya milimita 2 kwenye kifuniko cha chupa ndogo, tia kipande cha ini bichi, ilaze mchangani gizani kwa saa mbili, kisha itoe. Usimkatekate: kila kipande huweza kuwa planaria mzima.

Ruba ana vinyonyeo ncha zote mbili na hutembea kama mtu anayepima kitambaa kwa shubiri. Mtoe kwa kibano. Kinyoo chekundu kinachoishi mchangani mara nyingi ni buu wa kijidudu kama mbu asiyeuma, samaki watamla.

Wa kuogopwa ni nyuzi nyekundu zinazochungulia kwenye tundu la haja la samaki akitulia, na kurudi ndani akisogea. Hiyo ni Camallanus, na dawa yake ni levamisole, miligramu 2 kwa lita. Hesabu maji kwa bidoni unapojaza: bidoni 5 za lita 20 zinahitaji miligramu 200, yaani gramu 2 za unga wa asilimia 10. Wengi hukosea hapa, wanapima unga kana kwamba wote ni dawa. Kataa pia levamisole iliyochanganywa na dawa nyingine.

Tibu tangi zima, hata samaki wanaoonekana wazima. Toa makaa kwenye kichujio, funika tangi lisipate mwanga, acha pampu ya hewa ifanye kazi. Dawa hii humpoozesha mnyoo tu, haimuui; baada ya saa 24 nyonya sakafu yote na ubadilishe nusu ya maji, la sivyo minyoo iliyodondoka italiwa tena. Rudia baada ya wiki 3. Wavu na mpira wa tangi hilo visiguse tangi lingine mpaka awamu ya pili imalizike.