Somo: Kubadilisha globu za taa za mbele upate mwanga mweupe na mkali zaidi

Wakuu, swali la "niweke globu gani gari limulike vizuri" haliishi, kwa hiyo leo tulimalize. Nianze na jambo ambalo wauza vipuri hawatalipenda: mwanga mweupe si lazima uwe mwanga mkali. Mara nyingi ukiongeza weupe, unapunguza ukali.

Globu ya kawaida ya halojeni (ile yenye uzi unaowaka ndani ya kioo) hutoa mwanga wa kelvini 3200 hivi, ule wa unjano kidogo. Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikipanda, weupe unaongezeka. Nyingi kati ya zile zinazouzwa kama nyeupe, za kelvini 4000 na zaidi, zimepakwa rangi ya buluu juu ya kioo. Rangi hiyo haizalishi mwanga wowote. Kazi yake ni kuchuja unjano usitoke, yaani unalipia mwanga uliopunguzwa. Ili kufidia, kiwanda hufanya uzi wa ndani uwake kwa joto kubwa zaidi, ndiyo maana globu hizi huungua mapema.

Halafu kuna zile zenye "+150%" kwenye boksi. Hizi nyingine ni nzuri kweli, lakini msidanganyike na namba. Kwa viwango vya kimataifa, globu ya aina ya H7 ya wati 55 hutoa lumeni 1500 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) kwa volti 13.2, na inaruhusiwa kupungua au kuzidi asilimia 10 tu. Hiyo asilimia 150 huhesabiwa kwenye sehemu fulani za barabara, tena ikilinganishwa na kiwango cha chini kabisa kinachokubalika. Kama unataka kuona mbali, chukua hizi zenye kioo kilicho wazi sehemu kubwa. Kama unataka muonekano, chukua nyeupe, ila usilalamike baadaye.

Hatua ya 1: Ijue globu yako. Soma maandishi kwenye kitako cha globu ya zamani. H4 ina nyuzi mbili, 60/55W, fulu na dimu humo humo. H7, H1 na H11 zina uzi mmoja. Gari moja linaweza kuwa na H7 kwenye dimu na H1 kwenye fulu, kwa hiyo usinunue kwa kukisia.

Hatua ya 2: Angalia kioo cha taa. Magari mengi sasa yana plastiki, na jua huifanya iwe ya manjano na ukungu. Ikishafikia hapo, globu yoyote utakayoweka ni kazi bure. Piga msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, halafu ng'arisha na umalizie na vanishi inayokinga miale ya jua. Dawa ya meno mnayoisifia inang'arisha tu. Kinga haiwekwi, na unjano utarudi.

Hatua ya 3: Pima umeme. Hapa ndipo wengi wanaparuka, na ndipo penye faida kubwa kuliko globu yenyewe. Washa injini, washa taa, pima volti kwenye betri. Ikiwa alteneta ni nzima utaona kati ya 13.5 na 14.5. Sasa nenda kwenye plagi ya globu. Usiichomoe, ingiza ncha za mita kwa nyuma, pale waya zinapoingilia, huku globu ikiwaka. Ukichomoa ukapima, mita itakuonyesha volti nzuri za uongo kwa sababu hakuna mzigo.

Tofauti ikizidi nusu volti, tatizo lako ni waya. Ukali wa mwanga wa halojeni hushuka haraka sana kuliko volti: globu inayopata 12 badala ya 13.2 inapoteza zaidi ya robo ya mwanga wake, na inakuwa ya njano zaidi. Anza na waya wa hasi unaoingia kwenye bodi: fungua boliti, kwangua kutu na rangi, funga tena. Bado? Weka relei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Waya mnene utoke betri, upite kwenye fyuzi karibu kabisa na betri, uingie kwenye relei, kisha kwenye globu. Waya wa zamani kutoka swichi utabaki na kazi ya kuamsha relei tu.

Hatua ya 4: Badilisha. Zima taa, acha zipoe. Kamata plagi yenyewe, usivute waya. Toa mpira wa kuzuia vumbi, na kabla hujafungua kile kibanio cha waya kipige picha kwa simu, maana kurudishia bila kuona ndipo maneno makali yanapoanza. Shika globu mpya kwa kitako. Ukigusa kioo, mafuta ya kidole yatasababisha sehemu moja ipate joto kupita kiasi na globu ife mapema au ipasuke. Ikitokea umegusa, futa kwa spiriti. Masikio ya H4 (vile vibati vinavyochomoza kwenye kitako) hayalingani, kwa hiyo ikikataa kukaa, igeuze, usilazimishe. Badilisha zote mbili kwa pamoja.

Hatua ya 5: Lenga taa. Egesha kwenye sakafu iliyosawazika, uso kwa uso na ukuta, mita 10, matairi yana upepo sahihi na mtu amekaa kwenye kiti cha dereva. Swichi ya kurekebisha kimo iwe 0. Weka alama ukutani kwenye kimo cha katikati ya taa. Taa nyingi zimeandikwa asilimia ya kushuka. 1% maana yake mstari wa juu wa dimu uwe sentimita 10 chini ya alama. Huna nafasi? Kwa mita 5 iwe sentimita 5.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kwa nini usiseme tu tuweke LED za kuchomeka?*

Kwa sababu reflekta, ile sehemu ya ndani ya taa inayong'aa na kurudisha mwanga mbele, ilipigiwa hesabu kwa uzi mwembamba uliokaa mahali maalumu. LED ikipishana na hapo hata kidogo, mwanga unatawanyika: karibu na bampa panang'aa, mbali giza, na anayekuja mbele haoni kitu. Ujerumani imeruhusu baadhi tangu 2020, tena kwa modeli za magari zilizoorodheshwa tu. Kagua sheria ya kwako kwanza. HID (zile taa za gesi, maarufu kama xenon) kwenye taa ya H4 ndiyo kabisa, usiguse.

*Nimepata H4 za 100/90W. Vipi?*

Kutoka ampea 5 unaruka hadi zaidi ya 8. Plagi itayeyuka, swichi itafuata, na reflekta itababuka. Hapana.

*Kelvini 6000 kwenye mvua ikoje?*

Mbaya. Lami yenye maji huupeleka mwanga mbele badala ya kukurudishia, kwa hiyo unahitaji kila lumeni uliyonayo, na chujio la buluu limeshakula sehemu.

*Nimeweka nyeupe, sasa taa ndogo za kuegeshea zinaonekana za njano. Inaniudhi.*

Nyingi ni globu ndogo za aina ya W5W. Hapo LED ndogo huleta shida chache, kama sheria yako inaruhusu. Gari likikuletea alama ya globu kuungua kwenye dashibodi, tafuta zile zenye rezista ndani.

*Kaka, ya upande wa kulia inaungua kila mara, ya kushoto haina neno.*

Ingekuwa alteneta inazidisha chaji, zote zingekufa. Angalia kama kibanio kimelegea globu ikawa inatikisika, kama maji yanaingia, na kama vyuma vya ndani ya plagi vinavyogusa globu vimeungua vikawa vyeusi. Vikiwa vyeusi badilisha plagi, usivipige msasa.