Burboni kwa baa uliyoinunua sasa hivi
Ndugu uliyenunua mgahawa wenye baa hapa Lubumbashi, usikimbilie kujaza rafu. Anza na aina nne tu za burboni, wiski ya Kimarekani: Buffalo Trace ya kila siku, Maker's Mark yenye ngano kwa anayependa wiski laini, Wild Turkey 101, ambayo kwa asilimia 50.5 za pombe haipotezi ladha barafu ikiyeyuka, na moja ya bei ya juu kwa sherehe. Mweleze mteja kwamba angalau asilimia 51 ya nafaka ya burboni ni mahindi. Mtu aliyelelewa kwa bukari, yaani ugali wa mahindi, atataka kuonja, nimeliona hilo mara nyingi. Chupa zisimame wima, mbali na jua: zikilazwa, pombe hula kizibo. Chupa iliyobaki robo imalize kabla hujafungua nyingine.